Neno la Sitini na Tano

Klabu ya judo ya Rangwe ilikuwa na kila kitu isipokuwa judo. Ilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ilikuwa na muhuri wa duara, ubao mweusi, wanachama kumi na sita wenye madaftari yaliyofunikwa kwa magazeti, na kaulimbiu iliyoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa ukumbi wa kanisa: HATUANGUKI. Anayeujua mchezo huo atacheka, maana judo ni kuangusha na kuangushwa tangu mwanzo hadi mwisho. Rangwe hakuna aliyecheka. Wazazi waliisoma kaulimbiu hiyo wakaridhika, wakasema hatimaye vijana wao wamepata mtu wa maana.

Mtu huyo wa maana alikuwa Elkanah Odero, mwalimu wa shule ya msingi, miaka arobaini na tisa, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kuita watoto walio ng'ambo ya uwanja. Mara tatu alikuwa ameomba unaibu wa mwalimu mkuu, mara tatu akapewa mtu mwingine, na kila mara alitakiwa asimame katika ofisi ya walimu ampongeze aliyempita. Aliyatoa maneno hayo ya pongezi kama mtu anayemeza dawa ya minyoo. Kisha mwaka juzi akapelekwa Kisumu kwenye semina ya siku tatu ya michezo ya kigeni. Alirudi na cheti, vazi jeupe la judo, na kijitabu cha kurasa ishirini na nne chenye maneno ya Kijapani. Tangu siku hiyo hakuwa tena Mwalimu Odero. Alikuwa Sensei.

Sensei, kwa lugha ya wenyewe, ni mwalimu tu. Lakini nani Rangwe alikuwa na habari hiyo? Muuza mitumba alimwita Sensei, mchungaji alimwita Sensei kwenye matangazo, na chifu, ambaye hakuwahi kulikumbuka jina lake, alimpungia mkono kutoka upande wa pili wa barabara. Elkanah alikuwa akirudi nyumbani kwa njia ndefu ili apite sokoni aitwe mara nyingi zaidi.

Sasa kuna jambo moja la semina ile ambalo hakumwambia mtu, hata mke wake Emmaculate. Asubuhi ya siku ya kwanza waliambiwa wavue viatu wajifunze kuanguka. Elkanah alimtazama mwenzake, mwalimu mnene wa kutoka Siaya, akirushwa hewani na kutua chini kwa kishindo, akavaa tena viatu vyake. Akasema ana presha. Wenye semina ni watu wa huruma. Walimkalisha kwenye meza ya mlangoni aandike majina ya waliohudhuria, na kwa siku tatu akaandika majina kwa mwandiko mzuri sana. Siku ya mwisho vyeti viligawiwa kwa kufuata orodha, na orodha alikuwa nayo yeye.

Kwa hiyo klabu ilipoanza, Elkanah alifundisha alichokuwa nacho, yaani maneno. Alifundisha kama alivyofundisha kila kitu maishani mwake, kuanzia jedwali la mara saba hadi mito ya Kenya. Yeye anatamka, darasa linarudia mara tatu kwa pamoja. Kisha maana. Kisha sentensi. Neno lisilo na sentensi, alisema, ni mgeni aliyekaa mlangoni. Jibu likiwa sahihi, aligonga meza mara mbili, nao wakajibu kwa makofi matatu ya kishindo. Dholuo ilipigwa marufuku ukumbini. Aliyeteleza akaongea lugha ya mama alivalishwa kipande cha mbao shingoni hadi mwenzake mwingine ateleze.

Mwanafunzi wake bora alikuwa Clifford, kijana wa miwani aliyekuwa akisubiri kwenda chuo. Clifford aliyameza maneno kama njugu.

"Osoto-gari," Sensei angesema.

"Kumfyeka mpinzani mguu kwa nyuma hadi aanguke chali," Clifford angejibu. "Sentensi: Mjomba wangu alipigwa osoto-gari na bodaboda pale stendi."

Meza ingegongwa, makofi yangelia. Mwaka mzima ukapita hivyo. Walijua kuhesabu hadi ishirini, walijua kuinama, walijua jina la mkanda, la mkeka na la kola ya vazi. Mkeka wenyewe hawakuwa nao, na katika mwaka huo wote hakuna mtu aliyemshika mwenzake hata begani.

Aliyekuwa akimsumbua Sensei ni Linet. Linet alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili aliyefanya kazi ya matofali kando ya mto, akibeba matofali mabichi kwa ubao kutoka kwenye kalibu hadi tanuri, na mikono yake ilionyesha hivyo. Shule aliiacha kidato cha pili. Kila mtihani wa Ijumaa alikuwa wa kumi na sita kati ya kumi na sita, kwa sababu hakuweza kukariri neno kabla hajajua mwili unafanya nini. Clifford akishamaliza sentensi yake, Linet alikuwa bado ameinua mkono.

"Mwalimu, mguu gani?"

"Mguu gani nini?"

"Huo wa kufyeka. Ni wa kulia ama wa kushoto?"

Elkanah alikifunua kijitabu, akakifunga. "Linet, mguu utakuja muhula ujao."

Hata hivyo alikuwa mwalimu kwelikweli, lazima tumpe haki yake. Mwanafunzi akikwama hakulala. Kwa ajili ya Linet alikaa na kamusi, akayatafsiri maelezo ya kijitabu neno kwa neno, akachora watu wa vijiti ubaoni. Linet akayanakili yote, marefu kama barua ya posa, akawa anayakariri kule kwenye matofali, akipanga tofali moja kwa kila sentensi. Wenzake walimaliza neno kwa siku moja. Yeye lilimchukua wiki, na likishaingia halikutoka.

Kulikuwa na maneno sitini na matano katika kijitabu. Rangwe ilijifunza sitini na manne. La sitini na tano lilikuwa kwenye ukurasa wa kumi na moja, na ukurasa huo Elkanah aliubana kwa stepla, pini nne, kila pembe yake.

Neno lenyewe lilikuwa maitta. Kijitabu kilisema ndilo neno la kwanza mwanafunzi anapaswa kulijua: ukizidiwa, litamke au upigepige mkeka mara mbili, na mwenzako atakuachia papo hapo. Maana yake ni nimeshindwa.

"Nisimame mbele ya wazazi niwafundishe watoto wao kusema wameshindwa?" alimwambia Emmaculate usiku ule alioubana. Emmaculate alikuwa akilipiga pasi vazi la judo, baada ya kulitia wanga wa muhogo hadi likawa gumu kama boksi.

"Na mtu akishindwa, atasema nini?"

"Kwa klabu yangu hakuna kushindwa, Mama Willis."

Emmaculate aliligeuza vazi likalia kama karatasi. "Baba Willis, wewe ulishawahi kuangushwa?"

"Sensei haangushwi," akasema Elkanah, akatoka nje kuangalia kuku, ambao walikuwa wamelala.

*

Barua ilifika mwezi wa saba. Chama cha mchezo kilikuwa kinaunda timu moja ya kaunti mbili, Migori na Homa Bay, iende mashindano ya Nairobi, na mwalimu mmoja tu ndiye atakayeteuliwa kuiongoza. Jina lake litaandikwa kwenye barua rasmi likitanguliwa na cheo cha Sensei. Mkaguzi angekuja Rangwe Jumamosi ya pili ya Agosti, azipime klabu mbili zilizopo: ya Rangwe, na ile ya Macalder.

Elkanah aliisoma barua hiyo hadi ikalegea kwenye mikunjo. Hakutaka Nairobi. Nairobi alishafika. Alitaka ile karatasi. Mtu anaweza kuitwa Sensei na soko zima, na bado akajua moyoni kuwa soko linaweza kubadili nia kesho yake. Karatasi yenye muhuri haibadili nia. Angeipeleka shuleni, angeiweka juu ya meza ya mwalimu mkuu bila kusema neno, na safari hii wangesimama wao kumpongeza yeye.

Wale wa Macalder hakuwaogopa. Mwalimu wao alikuwa Maroa, Mkuria, askari jela mstaafu, mfupi na mpana, aliyefundisha wachimba dhahabu wanane karibu na mashimo yao. Ilisemekana hawakuwa na ubao, hawakuwa na daftari hata moja, na neno la Kijapani hawakulijua. Walikuwa na magunia yaliyojazwa vumbi la mbao, na kazi yao ilikuwa kutupana juu yake.

"Hao ni wachezaji wa mieleka," Elkanah aliwaambia wanafunzi wake. "Sisi ni wasomi."

Siku ikafika. Kwa kuwa Rangwe haikuwa na mikeka, ilibidi Macalder waje na magunia yao kwenye pikapu. Waliyashusha wenyewe, wakayapanga katikati ya ukumbi, wakayafunika kwa turubai na kulivuta hadi likakaza. Elkanah aliwatazama akiwa amesimama mlangoni ndani ya vazi lake la wanga, mikono ikiwa imemkaa mbali kidogo na mwili kwa sababu kitambaa hakikukubali kukunjika. Wazazi walijaa viti vya plastiki. Emmaculate alikaa mstari wa mbele na mkoba mapajani.

Mkaguzi aliitwa Madam Nyarangi. Alikuwa mwanamke mdogo wa makamo, mwenye sauti ya chini na mkanda mweusi uliochakaa hadi ukaanza kuwa mweupe kingoni. Alimsalimia Maroa, akamsalimia Elkanah, akamshika Elkanah kola kidogo kwa vidole viwili, akaiachia. Kola ilibaki imesimama.

"Tutaanza na maneno," akasema.

Elkanah akajinyoosha. Maneno!

Wakaanza Macalder. Madam Nyarangi alimgeukia mchimba dhahabu mmoja, akamuuliza, "Ukemi ni nini?" Yaani namna ya kuanguka bila kuumia. Yule kijana akamtazama Maroa. Maroa akatazama juu.

"Madam, hizo majina sisi hatujui," Maroa akasema. "Mimi nilifundishwa na mkubwa wangu kule jela. Alikuwa ananiangusha, ananyamaza. Sasa na mimi naangusha, nanyamaza."

"Mwambie aanguke."

Maroa akaonyesha kwa kidole. Kijana akajitupa mbele, akabiringika begani, mkono ukapiga turubai paa, akasimama wima. Madam Nyarangi akaandika kitu. Akauliza maneno mengine kumi, na kwa kila moja ikawa hivyohivyo: hakuna jibu, kisha mtu anaruka. Elkanah alihesabu sifuri kumi na moja.

Zamu ya Rangwe. Wanafunzi kumi na sita walisimama kwa mistari minne. Neno la kwanza liliulizwa, na ukumbi ukatetemeka. Walitamka mara tatu. Clifford akatoa maana. Wengine wakatoa sentensi. Elkanah akagonga meza mara mbili, makofi matatu yakalia, wazazi nao wakaanza kupiga bila kujua ni kwa nini. Maneno yote sitini na manne yalipita hivyo, na hakuna aliyekwama. Maroa alisikiliza mdomo wazi, na lilipofika neno la lile pigo ambalo mwenyewe alikuwa amelipiga kwa miaka ishirini, alimnong'oneza kijana wake, "Kumbe inaitwa hivyo."

Elkanah alipumua. Barua ilikuwa yake, aliiona ikija. Kichwa kilimvimba hadi akaanza kutunga hotuba.

"Vizuri sana," akasema Madam Nyarangi. "Sijasikia darasa kama hili, hata Nairobi. Sasa tuone vitendo. Kocha mwenyewe na mwanafunzi wake mmoja. Kocha awe uke."

Darasa lilijua uke ni nani. Clifford alishawahi kulitolea sentensi. Kwa Kijapani, uke ni yule anayefanyiwa mbinu.

Elkanah akamwona tena yule mwalimu wa Siaya akiwa hewani. Lakini Elkanah hakuwa mjinga, na mtu aliyeishi na siri miaka miwili hujifunza kufikiri upesi. Akiangushwa, kila mtu ataona kuwa hajui kuanguka. Kwa hiyo lazima achague kitu kisicho na kuanguka ndani yake.

"Madam, ningependa tuonyeshe kesa-gatame," akasema kwa utulivu. Hiyo ni namna ya kumbana mpinzani akiwa tayari yuko chini. Angelala mwenyewe, taratibu, kama mtu anayelala nyumbani kwake.

"Sawa. Na mwanafunzi?"

Clifford tayari alikuwa amepiga hatua. Elkanah akampita kwa macho. Clifford angeweza kukumbuka kila kitu. Alitaka mtu atakayesahau, akoroge mikono na miguu, ili mambo yaishe baada ya nusu dakika na mwalimu aonekane mvumilivu. Alitaka yule wa mwisho darasani.

"Linet."

Linet alivua kandambili, akazipanga kando ya turubai. Akainama kama alivyofundishwa. Elkanah akalala chali. Vazi lake lilitoa sauti ya karatasi lilipokuwa linagusa magunia.

"Kwenye mtihani huu mimi sisimamishi," Madam Nyarangi akasema. "Aliye chini ndiye anayeamua. Akizidiwa, analijua neno."

Elkanah aliitikia kwa kichwa. Ni kweli, alilijua. Kilichomtoka akilini ni kuwa alilijua peke yake.

"Hajime," akasema Madam Nyarangi, yaani anzeni.

Linet alisimama kidogo, midomo ikicheza. Alikuwa anasoma. Elkanah, akiwa chini, alisikia maneno yake mwenyewe yakirudi kwa sauti ndogo, tofali moja baada ya jingine. "Kaa kando ya mbavu zake." Linet akakaa. "Mkono mmoja upite nyuma ya shingo, kama shuka." Ukapita. "Mkono wake ufungie kwapani kwako." Ukafungwa. "Tandaza miguu, wa mbele mbele, wa nyuma nyuma. Inamisha kichwa. Uzito wote kifuani kwake."

Uzito wote ukashuka.

Hapo ndipo Elkanah Odero alipokutana na judo kwa mara ya kwanza. Haikuwa kama ubaoni. Mbavu zilisogeleana. Alijaribu kugeuka kushoto, Linet akasogea naye. Akajaribu kulia, hakukuwa na kulia. Wanga wa muhogo ulimkaba shingoni. Na katikati ya hayo yote, nieleze ukweli, kuna kitu kilimpanda moyoni ambacho hakukitarajia, nacho kilikuwa fahari. Hakukosea hata kimoja. Mtoto wa watu hakukosea hata kimoja.

"Na usiachilie," Linet akamalizia maelezo.

Fahari haina hewa. Elkanah alianza kuona madoa meusi, akaona heri yaishe. Akapiga turubai kwa kiganja, mara mbili.

Wanafunzi kumi na watano wakajibu kwa makofi matatu ya kishindo.

Linet alisikia makofi akajua amepatia, akakaza. Elkanah akapiga tena mara mbili. Makofi matatu. Wazazi nao wakaitikia, na mama mmoja nyuma akapiga kigelegele.

"Maitta," Elkanah akasema kwa pumzi ndogo.

Lilikuwa neno geni, lakini sauti ilikuwa ya Sensei, na mdomo ulikuwa wa Sensei, na hao walikuwa watu waliofunzwa wakafunzika.

"Maitta," likajibu darasa zima. "Maitta. Maitta."

"Maitta," alisema tena, sasa kwa kukoroma.

"Maitta. Maitta. Maitta."

Clifford alikuwa ameshatoa daftari na kalamu. Upande wa Macalder, wale wachimba dhahabu hawakulijua neno, lakini kile kiganja walikielewa vizuri, na Maroa alikuwa amesimama nusu. Madam Nyarangi alimzuia kwa mkono. Aliutazama uso wa Elkanah kwa makini, akaona bado kuna hewa, akaligeukia darasa.

"Maana ya maitta?"

Kwa mara ya kwanza tangu klabu ianzishwe, Rangwe haikuwa na jibu. Walitazamana. Clifford alifungua daftari mbele, akafungua nyuma, akavua miwani, akaivaa.

"Haiko kwa silabasi, Madam," akasema.

"Basi muulizeni mwalimu wenu."

Vichwa kumi na vitano vikamgeukia mtu aliyekuwa chini. Hata Linet aliinua kichwa kidogo, bila kuachia. "Mwalimu," akauliza kwa adabu yote, "maana yake ni gani?"

Elkanah alitazama dari la mabati. Pembeni mwa jicho aliona herufi nyekundu juu ya mlango. Aliona viti vya plastiki, aliona chifu, aliona mkoba wa Emmaculate. Akaiona na ile barua ikijikunja, ikijirudisha ndani ya bahasha. Angeweza kunyamaza. Alipiga hesabu ya kunyamaza, akakuta pumzi haitoshi.

"Maana yake," akasema, "nimeshindwa."

"Nimeshindwa," likaitikia darasa kwa furaha ya kupata jibu. "Nimeshindwa. Nimeshindwa."

Lakini lilikuwa limebaki jambo moja, na kila mwanafunzi wa Rangwe alilijua. Linet ndiye aliyelisema. Wako wanaoapa hadi leo kuwa alikuwa anacheka ndani kwa ndani, na wako wanaosema hapana, msichana alikuwa anafuata utaratibu tu. Mimi sijui.

"Sentensi, Mwalimu."

Elkanah hakuwa na sentensi. Kiswahili kilimwishia, Kijapani kilishamwishia zamani, na lugha iliyobaki ndani ya kifua kilichobanwa ilikuwa ile aliyoipiga marufuku.

"Linet," akasema, "iloya."

Umenishinda. Hapo hapakuhitajika tafsiri. Linet alimwachia mara moja, akapiga magoti kando yake, akainama hadi paji la uso likagusa turubai. Ukumbi haukucheka mara moja. Kwanza alicheka Emmaculate, kicheko cha mtu aliyesubiri miaka miwili kwa subira, ndipo wengine wote wakafuata, na chifu akacheka kuliko wote. Mtu mmoja, ambaye hakuonekana, alipitisha kile kipande cha mbao kutoka nyuma, mkono kwa mkono, hadi kikafika mbele. Elkanah alikipokea akiwa amekaa chini, akajivalisha mwenyewe.

*

Madam Nyarangi alimwita kando, chini ya dirisha.

"Huyu msichana amefundishwa na nani?"

"Na mimi."

"Kwa mikono?"

Elkanah alivuta pumzi, mbavu zikamjibu. "Kwa maneno tu, Madam. Mimi sijawahi kuangushwa. Kule Kisumu niliandika majina."

Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Madam Nyarangi alimgeukia Linet, aliyekuwa akivaa kandambili.

"Nilishaona watu waliofundishwa kwa mikono wakakosea zaidi yake," akasema. "Maneno yako ni mazuri, Mwalimu. Lakini timu ni ya Maroa. Wewe nenda Macalder kila Jumamosi ukajifunze kuanguka. Ukishajua, nitakuandikia barua nyingine."

Linet alipewa mkanda wa njano na nafasi ya kwanza kwenye timu. Wengine kumi na watano waliambiwa wabaki na mkanda mweupe na madaftari yao.

Rangwe haikumwita tena Sensei. Soko lilibadili nia kabla jua halijatua, kama alivyokuwa akihofia. Kati ya maneno sitini na matano, lililobaki sokoni ni moja. Mteja akichoka kubishana bei ya omena humwambia muuzaji maitta, na wazee wakifungwa kwenye bao husema maitta, na Jumatatu ile Elkanah alipoingia ofisi ya walimu, mwalimu mkuu alimwinulia kikombe cha chai, akalisema kwa matamshi sahihi kabisa. Elkanah alisikia aibu ikimpanda hadi masikioni. Alikaa, akasahihisha madaftari, na jioni akazing'oa zile pini nne kwa ncha ya kisu.

Jumamosi alikwenda Macalder. Emmaculate hakulitia vazi wanga. Magunia yalikuwa yametandikwa kwenye uwazi karibu na mashimo, mashine za kusaga mawe zikinguruma, kila kitu kikiwa cheupe kwa vumbi, wachimba dhahabu wanane wakiwa wamesimama kwa mduara. Maroa alimsalimia kwa mikono miwili, akampanga mbele ya Linet.

"Mwalimu, hatutakusumbua," akasema. "Lakini kila ukianguka, utuambie hiyo imeitwa aje. Hawa vijana wanataka kujua."

Linet akamshika kola na mkono. Elkanah alifikiria kusema ana presha. Neno lilifika ulimini, akalimeza. Kisha ardhi ikaondoka, mabati ya Macalder yakapinduka, na mgongo wake ukatua kwenye vumbi la mbao kwa kishindo kile kile alichokisikia Kisumu akiwa mlangoni na kalamu mkononi. Alikuwa hai. Alisubiri kidogo, akahakikisha.

"Osoto-gari," akasema kutoka chini.

"Osoto-gari," wakajibu wachimba dhahabu, wakijaribu kila silabi. "Osoto-gari. Osoto-gari."

Linet alikuwa ameinama juu yake, bado ameshika mkono wake ili asigonge kichwa.

"Mguu gani, Mwalimu?"

Elkanah aliusikia uchungu, akaufuata taratibu hadi ulipoanzia, nyuma ya goti.

"Wa kulia," akasema.